Damu "igandishwe": kuganda kupi?

Nimesikia tena mtu akisema kwamba damu ya mjamzito, ile ya uchunguzi wa sindromu ya Down, "igandishwe haraka isiharibike". Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Kipimo cha miezi mitatu ya mwanzo huangalia vitu viwili, PAPP-A (protini itokayo kwenye kondo la nyuma) na beta-hCG huru (kipande cha beta cha homoni ya ujauzito, hCG, kinapokuwa peke yake), ndani ya seramu. Seramu ni maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda.

Ikishaganda, naam, ila si kwenye friza. Kiswahili kimelibebesha neno hili mizigo mingi: maji huganda kwa baridi, damu ya kidonda huganda hata kwenye jua kali, na ruba naye huganda mguuni. Kilichokuwa kikienda kimesimama, lakini kilichokisimamisha si kimoja. Damu hunaswa na nyuzi za protini iitwayo fibrini, na kwa kazi hiyo baridi haihitajiki. Ndani ya kichupa tunataka kuganda huku: kama nusu saa katika joto la kawaida la chumba, kisha mashine ikizungushe, seramu itengane. Damu nzima ukiitia kwenye friza kabla ya hapo, chembe zake hupasuka na utapata maji mekundu. Seramu iliyokwisha kutengwa ndiyo inayovumilia friza.

Aliyeogopa damu kuharibika hakuogopa bure, lakini. hCG ina vipande viwili vilivyoshikana, na sampuli ikikaa kwenye joto huachana, beta huru ikapanda. Kwa kuwa beta huru iliyo juu ni mojawapo ya dalili zinazotafutwa, mama anaweza kuambiwa ana hatari kubwa kumbe ni kichupa kilichokaa sana. PAPP-A haiyumbi kiasi hicho.

Kuna na kile kipimo cha DNA ya kondo inayoelea katika damu ya mama. Hapo damu isigande kwa maana yoyote ile. Kichupa chenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda, huizuia, na plazima, yaani maji ya damu ambayo haijaganda, hutengwa ndani ya saa chache, kabla chembe nyeupe za mama hazijapasuka na kuifunika DNA ya kondo kwa ya kwake. Vipo vichupa maalumu vinavyozilinda chembe hizo kwa siku kadhaa bila jokofu, na hivyo navyo havitiwi kwenye friza.

Ukiandika maelekezo, basi, andika "iache igande" kwa damu ya kipimo cha seramu na "weka kwenye friza" kwa seramu. Hilo "igandishwe" tuliache kwa ajili ya maji.