Yai halisubiri siku ya 14
Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Makorora, bi harusi huambiwa na shoga zake: hesabu siku 14 tangu hedhi ianze, hiyo ndiyo siku ya kushika mimba. Hesabu hiyo humfaa mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba, na wengi hawako hivyo.

Kisichobadilika sana ni kipande cha mwisho: yai likishatoka, hedhi kwa kawaida hufuata baada ya siku 12 hadi 16. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hutoka karibu na siku ya 21. Akiing'ang'ania ile ya 14, anapishana nalo miezi nenda miezi rudi, kisha lawama zinamwangukia yeye. Inaniuma, maana huenda mwili wake hauna kasoro yoyote.

Dalili anazo mwenyewe. Ute wa ukeni, uliokuwa haba au mzito, huwa mwingi na angavu. Ukiushika kwa vidole viwili huvutika bila kukatika, kama ute wa yai bichi. Huo ndio wakati. Joto la mwili nalo hupanda kidogo, lakini yai likiwa limeshatoka, hivyo kusubiri joto ni kuchelewa.

Yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume hufika hata siku 5. Basi ute huo ukianza, kutaneni kila siku au kwa kuruka siku moja moja. Mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 kwa mwanamke aliyefikisha miaka 35, nendeni hospitali wote wawili. Mume naye apimwe.