Giotto na lipu mbichi

Giotto di Bondone, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1337, hueleweka vizuri zaidi ukianza na ukuta. Picha zake katika kanisa dogo la Scrovegni mjini Padova, Italia, za kati ya mwaka 1303 na 1305 hivi, ni fresko: rangi iliyopakwa lipu ikiwa bado mbichi.

Ukuta hupigwa kwanza lipu nzito ya chokaa na mchanga. Juu yake huja lipu laini, kipande kinachotosha kazi ya siku moja tu, na rangi iliyokorogwa kwa maji hupakwa papo hapo. Chokaa inapokauka hufyonza kabonidioksidi iliyo hewani na kuwa ngumu kama jiwe, rangi ikiwa imenaswa ndani. Ukichelewa, rangi haishiki. Ukikosea, kipande hubanduliwa na kupigwa upya. Mulika ukuta kutoka ubavuni uone mishono ya vipande hivyo: mahali pengine kichwa kimoja kina kipande chake, ishara ya mahali fundi alipotumia muda wake.

Buluu ya azuraiti, rangi inayosagwa kutoka kwenye madini, ilikuwa na taabu yake. Haipatani na chokaa mbichi, hivyo hupakwa baadaye kwa gundi juu ya lipu kavu, na ndiyo maana joho la Bikira Maria limebanduka katika baadhi ya picha.

Lakini kilichowashika waliomfuata ni miili. Kabla yake watakatifu wengi walichorwa bapa, wakitazama mbele, nyuma yao dhahabu. Tazama picha ya Maombolezo ya Yesu huko Scrovegni: wanawake wawili wameketi wakitugeuzia mgongo, nguo zimewaelemea mabegani, na mteremko wa mwamba unashusha jicho hadi pale mama alipoukumbatia uso wa mwanawe. Hiyo migongo miwili, kwa maoni yangu, ndiyo hatua kubwa kuliko zote: inatuweka nasi ndani ya duara la waombolezaji.

Miaka mia moja na ushee baadaye, mchoraji Masaccio aliuchukua uzito huohuo wa miili katika kanisa dogo la Brancacci, Firenze, akiuongezea kivuli na kina cha nafasi. Mchoraji na mchongaji Michelangelo naye, akiwa kijana, alinakili kwa kalamu watu wawili wa Giotto kutoka kanisa dogo la Peruzzi, ndani ya kanisa la Santa Croce, Firenze. Huko Giotto alipaka sehemu kubwa juu ya lipu kavu, na picha zimechakaa vibaya. Nakala ya Michelangelo ipo katika makumbusho ya Louvre, Paris, mikunjo ya nguo ikisomeka wazi.