Kabla Hujanukuu, Fika Kwenye Chanzo Chenyewe

Januari 1980, jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha barua ya sentensi tano. Waandishi wake, Jane Porter na Hershel Jick, walieleza kuwa kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za maumivu zenye asili ya afyuni wakiwa wamelazwa, ni wanne tu walioonekana kupata uraibu. Barua haitaji dozi, wala muda wa matumizi, wala yaliyowapata wagonjwa waliporudi nyumbani.

Mwaka 2017 watafiti walihesabu machapisho 608 yaliyoinukuu barua hiyo. Asilimia 72 yaliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na karibu asilimia 81 hayakutaja kabisa kuwa wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Inaonekana wengi waliwaamini waliowatangulia.

Mapitio ya maandiko katika tasnifu nyingi huharibika kwa njia hiyohiyo. Mwanafunzi hukuta sentensi nzuri katika makala ya juzi, ikiwa na marejeo ya miaka arobaini nyuma, akabeba sentensi na marejeo yake kwa pamoja. Msimamizi akimuuliza sampuli ilikuwa ya watu gani, hana jibu.

Chukua namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, iliyo kwenye orodha ya marejeo (huanza na 10), iandike baada ya doi.org/ na ufungue. Ikikupeleka kwenye makala nyingine, au isipofunguka, tafuta kichwa cha makala kati ya alama za kunukuu. Marejeo yaliyotungwa na programu za akili mnemba hunaswa hapa: jina la jarida ni la kweli, makala haipo. Ukiipata makala yenyewe, tazama kwanza ni kitu gani: utafiti, mapitio, maoni ya mhariri au barua? Kisha ruka ikisiri (muhtasari wa mwanzo), nenda kwenye mbinu. Nani walichunguzwa, wangapi, wapi, walipatikanaje, nani alilipia? Ikisiri huandikwa kuvutia. Udhaifu wa kazi huonekana kwenye mbinu na majedwali.

Ukubwa wa jina la jarida usikulaze usingizi. Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilitoka kwenye The Lancet mwaka 1998, ikiwa na watoto 12 tu, na ikafutwa rasmi mwaka 2010. Nakala ya PDF uliyorushiwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa inaweza kuwa ya kabla ya kufutwa, bila alama yoyote. Fungua ukurasa wa jarida lenyewe, na tafuta jina la makala kwenye Retraction Watch, hifadhidata ya bure ya makala zilizofutwa.

Kuhakiki huonekana kwenye sentensi. “Tafiti zimethibitisha kuwa uraibu ni nadra” haina mtu, mahali wala kipimo. Linganisha na hii: “Porter na Jick (1980) waliripoti visa vinne kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa, bila kueleza dozi wala muda wa matumizi; kwa hiyo takwimu hizo hazitoshi kuhukumu wanaomeza dawa hizo nyumbani kwa miezi.” Ni ndefu, lakini mtahini hana pa kukubana.

Chanzo cha awali kikikosekana kabisa, hata baada ya kumwomba mkutubi, andika “kama alivyonukuliwa na”, na kwenye orodha ya marejeo weka kazi uliyoisoma wewe, siyo ile usiyoiona.