Je, wajua kwa nini shamba la ndani ya jengo hulima saladi na si mahindi?

Abiria anayepanda ndege ya Emirates mjini Dubai, akaletewa sahani yenye majani mabichi, huenda anakula mboga ambazo hazijawahi kugusa udongo wala kupigwa na jua. Mwezi Julai 2022, karibu na uwanja wa ndege wa Al Maktoum, lilifunguliwa shamba la ndani liitwalo Bustanica, lenye ukubwa wa futi za mraba 330,000, ambamo miche hupangwa kwenye rafu zilizopandana kama vitanda vya bweni, na ambalo lilijengwa ili litoe zaidi ya kilo milioni moja za mboga za majani kwa mwaka. Humo zinalimwa saladi, spinachi na jamii zake. Mahindi, mpunga na muhogo hazimo, na ndivyo ilivyo katika karibu mashamba yote ya aina hii duniani. Mahindi huota vizuri tu bila udongo. Kinachoyazuia ni gharama ya mwanga, na ili jambo hilo lieleweke inafaa kwanza tumalize habari ya udongo.

Katika karne ya 17, Jan Baptist van Helmont wa Brussels alipanda mche wa kilo 2 na ushee katika chombo chenye udongo mkavu wa kilo zipatazo 90, kisha akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ulifikia uzito wa kilo 77 hivi, na udongo ulipokaushwa na kupimwa upya ulikuwa umepungua kwa gramu zisizofika 100. Van Helmont alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, jambo ambalo ni nusu ya ukweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachobaki mti unapokaushwa hutokana na kaboni ambayo majani huivuta kutoka hewani. Kuhusu udongo, hata hivyo, mizani yake ilisema kweli: mmea huchukua humo chumvichumvi kidogo sana, na kazi nyingine za udongo ni kushikilia mizizi, kutunza maji na kuacha nafasi ya hewa. Kazi zote hizo zinaweza kufanywa na kitu kingine. Wanasayansi wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walilithibitisha hilo katika miaka ya 1860 kwa kukuza mimea ndani ya maji yenye chumvi zilizopimwa, na katika miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California akaitoa mbinu hiyo maabara, akakuza minyanya mirefu kuliko mtu na kueneza jina la haidroponiki, linalotokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya maji na kazi.

Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza kwa nini mizizi haiozi, na swali lake ni la haki, kwani kila aliyewahi kumwagilia ua la kwenye kopo kupita kiasi anajua matokeo yake. Mizizi haiuawi na maji yenyewe. Hufa kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo katika mfumo unaotumika sana mizizi haizamishwi, bali maji hupitishwa chini yake yakiwa utando mwembamba ndani ya mfereji wa plastiki ulioinamishwa kidogo, huku sehemu ya juu ya mizizi ikibaki hewani. Maji hurudi tangini, hupimwa, huongezewa kilichopungua na kusukumwa tena na pampu. Kupima huko ndiko kazi hasa ya mkulima wa ndani, kwa sababu maji hayana uvumilivu wa udongo: uchachu wake ukitoka nje ya pH 5.5 hadi 6.5, virutubisho vinaweza kuwemo na mmea usiweze kuvichukua, na dalili ya kwanza huwa ni majani machanga kugeuka manjano kwa kukosa madini ya chuma. Mbolea nayo huwekwa katika matangi mawili tofauti, kwani kalsiamu na salfeti zikikutana zikiwa nzito hugandamana na kuwa jasi, ile ile ya mafundi wa dari, na mabomba yakaziba.

Maji mengi huokolewa kwa njia hiyo. Yale ambayo majani huyatoa kama mvuke nayo hunaswa na viyoyozi na kurudishwa tangini, na ndiyo maana wenye Bustanica husema wanatumia maji pungufu kwa asilimia 95 kuliko shamba la kawaida. Katika nchi ambako maji ya kunywa huchujwa kutoka baharini, hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye taa. Kilimo cha namna hii kilikuwa ndoto ya gharama kubwa mno hadi zilipopatikana taa za LED za rangi ya buluu, uvumbuzi uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2014. Umbijani, yaani rangi ya kijani ya majani, hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na taa za LED hutoa rangi hizo bila kuunguza mche ulio sentimita chache chini yake. Hata hivyo, kila chembe ya mwanga inalipiwa.

Mwenye luku anaweza kuifuata hesabu hii. Kilo moja ya punje kavu za mahindi imehifadhi nishati inayokaribia uniti 4 za umeme. Punje ni kama nusu tu ya uzito mkavu wa mmea, nusu nyingine ikiwa bua, majani na gunzi, kwa hiyo mmea mzima umehifadhi uniti 8. Tuwe wakarimu na kusema kwamba mmea hugeuza asilimia 5 ya mwanga unaouangukia, kiwango ambacho shambani ni nadra kufikiwa. Tayari tunahitaji uniti 160 za mwanga. Taa nzuri nayo hupoteza kama theluthi ya umeme kwa njia ya joto, hivyo tunafika uniti 240, kabla ya kulipia kiyoyozi cha kuliondoa joto hilo. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, kisha ulinganishe na bei ya kilo ya mahindi sokoni.

Kilo ya saladi, kwa upande wake, ina gramu 950 hivi za maji, na gramu 50 zinazobaki zina nishati isiyofika robo ya uniti. Kwa hesabu ile ile taa zitakula uniti zipatazo 7. Mkulima wa ndani, kwa kweli, anauza maji yaliyovishwa jani, tena jani fupi linalotosha kwenye rafu, linalovunwa baada ya wiki chache na kunyauka upesi likisafirishwa mbali.

Hata hivyo saladi haikuwalipa wote. Kampuni ya AeroFarms ya New Jersey, Marekani, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai mwezi Juni 2023, Bowery Farming ikafunga shughuli Novemba 2024, na Plenty nayo ikaomba kinga kama hiyo Machi 2025. Kwa maoni yangu hilo halishangazi, maana walishindana na mashamba ya wazi ya California, ambako jua halina ankara. Gunia la sukuma wiki la Kibera, lililotobolewa pembeni na kupandwa miche kutoka chini hadi juu, nalo ni kilimo cha wima, na mwanga wake ni wa bure.

Lipo zao moja la nafaka lililoshamiri rafuni nchini Kenya: shayiri iliyooteshwa kwenye trei kwa takriban wiki moja na kulishwa ng'ombe ikiwa mkeka wa majani na mizizi. Haihitaji taa kali kwa sababu nishati yote imo ndani ya mbegu tangu mwanzo. Kilo moja ya mbegu hutoa kilo kadhaa za malisho, na wauzaji wa trei hupenda sana kuitaja idadi hiyo, ila uzito ulioongezeka ni maji; ukiyakausha malisho hayo na kuyapima, utakuta yamepungua kidogo kuliko mbegu uliyoanza nayo, kwa kuwa mche umekuwa ukiitumia akiba yake usiku na mchana.