Cheti cha Kalibresheni Hakithibitishi Ripoti Yako

Kila ninapokagua mifumo ya vipimo katika bohari za mafuta za Shimanzi au viwanda vya Changamwe, hapa Mombasa, huuliza swali moja: mnathibitisha vipi kwamba tarakimu zilizomo kwenye ripoti ndizo zilizosomwa na kihisi, bila kubadilishwa njiani? Jibu huwa lile lile. Msimamizi hufungua kabati na kuniletea faili la vyeti vya kalibresheni. Nimelisikia jibu hili mara nyingi mno, na halijibu swali nililouliza.

Dhana: Kifaa kina cheti, kwa hiyo data ni halisi.

Cheti kilichotolewa na maabara yenye ithibati ya KENAS, shirika la ithibati la Kenya, kwa kiwango cha ISO/IEC 17025, kile cha kimataifa cha maabara za upimaji na kalibresheni, ni hati ya kuheshimiwa, lakini kinachosema ni kwamba siku ile, katika hali ile, kifaa kililinganishwa na kipimo rejea na tofauti ikaonekana kuwa kiasi fulani. Hakisemi lolote kuhusu safari ya kipimo kutoka kwenye kifaa hadi kwenye kidhibiti (kompyuta ndogo ya mtambo inayopokea mawimbi ya vihisi), kisha kompyuta ya chumba cha udhibiti, hadi jedwali la Excel linalotumwa makao makuu kila asubuhi. Usahihi wa kifaa ni jambo moja. Uhalisi wa data ni jambo jingine.

Chukua tangi lenye kipenyo cha mita 20, ambalo transmita yake, yaani kifaa kinachopima kina na kukituma kama mkondo wa umeme, imepangwa ili miliampia 4 ziwe mita 0 na miliampia 20 ziwe mita 12. Ikituma miliampia 12, mafuta yamefika mita 6. Sasa mtu aingie kwenye kidhibiti, abadilishe upeo uwe mita 12.6. Waya bado unabeba miliampia 12 zile zile, transmita bado ni sahihi, lakiri haijavunjwa na cheti hakijaisha muda, lakini skrini inaonyesha mita 6.3. Katika tangi hilo, sentimita 30 hizo ni zaidi ya lita 94,000 za mafuta ambayo hayapo. Ukiifungua transmita na kuipeleka maabara, hutaliona kosa hilo kamwe, kwa sababu haliko ndani ya transmita.

Ndiyo maana nasisitiza, hata wahasibu wakilalamika kwamba mafaili yamekuwa makubwa: hifadhini thamani ghafi pamoja na thamani iliyokokotolewa. Miliampia zikiandikwa kando ya mita, mkaguzi yeyote mwenye kikokotoo ataiona hitilafu. Zaidi ya hayo, apandishwe mtu juu ya tangi kwa wakati usiotangazwa, azamishe utepe wa chuma wenye timazi, na alichosoma kilinganishwe na kilichokuwa kwenye skrini dakika ile ile. Utepe huo haujaunganishwa na kidhibiti kwa waya wowote, na hiyo ndiyo thamani yake.

Dhana: Grafu iliyonyooka ni dalili ya mtambo mzuri.

Katika chumba cha baridi cha samaki, kompresa huwaka na kuzima, mlango hufunguliwa, barafu huyeyushwa, na joto hupanda na kushuka. Kihisi kinachoonyesha nyuzi -18.0 usiku kucha bila kubadilika hata desimali moja huenda kimekwama, au mtu ameilazimisha thamani hiyo kwenye kidhibiti.

Dhana: Ujumbe umefika bila hitilafu, basi haujaguswa.

Modbus, lugha ya mawasiliano kati ya vifaa vya viwandani iliyoanza mwaka 1979, hukagua makosa ya njiani kwa hesabu isiyo na siri yoyote. Anayebadilisha thamani huikokotoa upya hesabu hiyo, na ujumbe ukapokewa kama kawaida.

Dhana: Hatuna intaneti, kwa hiyo tuko salama.

Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010, iliweza kusambaa kwa flashi, na ilipokuwa ikiharibu mashine za kurutubisha urani za Natanz nchini Iran iliwaonyesha waendeshaji vipimo vya kawaida vilivyorekodiwa awali.

Dhana: Ripoti ina saini ya kidijitali.

Saini hulinda kuanzia pale ilipowekwa. Ikiwekwa ofisini baada ya data kupitia mikononi mwa watu watatu, inalinda chochote walichokiacha. Saini iwekwe kwenye kifaa chenyewe, au karibu nacho iwezekanavyo.

Dhana: Saa zisipolingana, pana wizi.

Hapa huwa natetea wafanyakazi. Vifaa vingi hurekodi kwa UTC, saa rejea ya dunia, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa 3, naye mtu wa zamu huandika daftarini saa mbili asubuhi wakati kompyuta imeandika 08:00. Kabla ya kumwita yeyote ajieleze, ziwekeni kumbukumbu zote kwenye mfumo mmoja wa saa 24, mpime saa ya kila kifaa imekwenda mbele au imerudi nyuma kwa kiasi gani, kisha mchunguze tofauti itakayobaki.