Mtoto wa punda hakomazwi kwa kubebeshwa mchanga

Juzi tena nimeletewa punda wa miaka miwili, miguu ya mbele ishaanza kupinda, na mwenyewe ananiambia daktari, nilimuanza mzigo mapema ili mifupa ikomae. Hapa Lamu nimelisikia hili mpaka basi, jamani someni.

Ni kweli mfupa unajijenga kulingana na kazi, daktari Julius Wolff wa Ujerumani aliliandika hilo 1892, na wanaanga wakikaa huko juu bila uzito wanapoteza kama asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Mfupa sio boriti, uko hai, kuna seli zinabomoa na zingine zinajenga. Lakini kinachouamsha ni kishindo cha kuja na kuondoka, kukimbia, kuruka, kugeuka, halafu kupumzika, na mtoto wa punda akiachiwa acheze na mamake ufukweni hiyo kaipata tayari. Ukimtia shogi la mchanga akasimama nalo gatini saa nzima, uzito umekaa palepale, mfupa haufaidiki na chochote, na karibu na ncha zake kuna gegedu la kukulia, pale mfupa unaporefukia, ambalo bado laini, likibanwa zaidi upande mmoja upande huo unachelewa kukua na mguu unakwenda kombo. Likishafunga hivyo mimi sina dawa! Na pingili za mgongo ndizo za mwisho kukomaa. Chini ya miaka mitatu asibebe kitu, na mpaka meno ya mbele ya utotoni yang'oke yote, karibu miaka mitano, mzigo uwe mdogo.

Halafu ile ya "mgongo wa punda umeumbiwa mzigo". Hapana. Samaki anabebwa na maji, uti wake kazi yake kubwa ni kupiga mkia. Wanyama walipoanza kutoka majini, zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, uzito wote ukawa wa mifupa, pingili zikaota vishikizo vya kushikana, nyonga ikajifunga kwenye uti. Tiktaalik, samaki wa kale wa miaka kama milioni 375 ambaye mabaki yake yaliyogeuka jiwe yalipatikana kaskazini mwa Kanada 2004, tayari ana shingo na mbavu nene. Mgongo ule ulikuwa wa kushikilia tumbo lililo chini yake, mzigo wa juu tumeuleta sisi. Kwa hivyo mzigo usikae juu ya mfupa wenyewe, ukae kwenye misuli, pande zote mbili sawa.



Wengine huniambia "goti la nyuma linapinda kinyume": pale ni kisigino, goti liko juu karibu na tumbo.

Au "bega limechomoka": punda hana mtulinga, miguu ya mbele imeshikwa na misuli tu, na mara nyingi anayechechemea tatizo liko kwenye kwato, inua mguu utazame huko kwanza kabla hujaanza kumkanda bega na mafuta.