Shimo jeusi halitapiki
Tumezoea kusikia kwamba shimo jeusi, mahali angani penye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, humeza kila kitu, kisha hutapika mabaki. Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni galaksi ya M87, yenye mkondo mwembamba wa gesi unaochomoza katikati yake, lilipo shimo jeusi, kwa maelfu ya miaka ya nuru. Mwanaastronomia Heber Curtis aliuona mwaka 1918.

Lakini kilichokwisha kuvuka mpaka wa shimo hakirudi. Mkondo huanzia nje ya mpaka huo, kwenye gesi inayolizunguka shimo ikiwa imebeba sumaku. Shimo nalo likizunguka, huburuta anga la kandokando yake, na mistari ya sumaku husokotwa kama kamba. Msokoto huo ndio unaosukuma mkondo pande mbili za mhimili, kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Wanafizikia Roger Blandford na Roman Znajek walilieleza wazo hili mwaka 1977.

Kulipima wazo hilo kulihitaji kompyuta kubwa. Anga hugawanywa vijisehemu vingi, kila kimoja kikapigiwa hesabu za mvutano wa Einstein, za gesi na za sumaku, hatua kwa hatua. Matokeo yake si katuni: hakuna anayeuchora mkondo, hujitokeza wenyewe kwenye hesabu, na kwangu hilo ndilo la kustaajabisha kuliko yote. Mwaka 2011 uigaji wa aina hii ulionyesha kwamba sumaku ikiwa nyingi na shimo likizunguka kwa kasi, nishati inayotoka huweza kuzidi ile iliyoletwa na gesi. Ziada hiyo hutoka kwenye mzunguko wa shimo lenyewe, ambao hupungua polepole.